Morani Hanywi Maziwa Peke Yake

Wataalamu wanaokuja vijijini kwetu Simanjiro kuzungumzia afya ya vijana wa Kimasai huja wakiwa wameshaamua kwamba kikwazo ni mila. Kijana wa Kimasai, wanasema, hajasoma, anaamini mizizi, na uanaume wake haumruhusu kukiri kuwa anaumwa. Nimeyasikia hayo kwenye semina, kwenye mikutano ya kijiji, hata kwa vijana wetu wenyewe waliokwenda shule wakarudi wamechomekea mashati. Mimi nimeugua nikiwa morani wa rika la Korianga, nimewasindikiza wenzangu hospitali, na kwa miaka kadhaa sasa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Niliyoyaona yananifanya niamini kinyume chake: uanaume tuliolelewa nao una karibu kila kitu ambacho zahanati inakihitaji ili mgonjwa apone. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuuliza.

Nianze na jando, maana ndilo linalotajwa kila mara. Siku ya emuratta, yaani ya kutahiriwa, kijana humwagiwa maji ya baridi alfajiri, akakalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe, ndugu zake wamemzunguka wakimtazama usoni. Kisu kikipita hatakiwi kutikisa mguu wala kupepesa kope. Akipepesa, aibu haimpati yeye peke yake, inawapata na wazazi wake. Ni kweli fundisho hilo huingia mwilini likakaa. Nimewaona vijana waliovunjika mkono kwenye ajali ya pikipiki wamekaa kwenye benchi la kituo cha afya kimya kabisa, uso haubadiliki, mpaka nesi akadhani hawana shida kubwa na kuwaita mwisho.

Lakini wanaolitaja jando huishia kwenye kisu. Hawaulizi kinachofuata. Kijana aliyetahiriwa hunyweshwa damu na maziwa, hulishwa nyama, huvaa nguo nyeusi kwa miezi, na boma zima linajua kwamba huyu ni wa kutunzwa. Dakika za kuvumilia ni chache sana, muda wa kuuguzwa ni mrefu. Na tangu UKIMWI uingie, kila kijana anakuja na wembe wake. Wazee walilikubali hilo bila ugomvi mkubwa, kwa sababu aliyelileta hakuwaambia waache jando. Aliwaambia tu kwamba damu ya huyu isikutane na damu ya yule, na jambo la damu mfugaji halihitaji kuelezwa mara mbili.

Kuna na orpul. Wanaume huingia porini na dume la ng'ombe, huchinja, hukaa huko mpaka nyama iishe, mbali na macho ya wanawake. Kinachochemshwa si nyama tu. Mzee anayejua miti huwa na mzigo wake wa magome na mizizi: olkiloriti kwa nguvu na kwa kusaga nyama tumboni, osokonoi kwa kifua, na mingine kwa viungo na mgongo. Kijana hupewa gome aonje, anuse, aambiwe ni la mti gani, linachimbwa upande gani, linachemshwa muda gani, na kiasi gani kikizidi kinadhuru. Usiku mazungumzo huwa ya mwili: nani ana kikohozi kisichoisha, nani hana hamu ya kula, nani amekonda. Kule morani husema anakoumia, kwa sababu wanaomsikiliza ni rika lake, na mambo ya porini hayarudi bomani. Nilipokaa darasani baadaye kufundishwa elimu ya afya kwa chati za ukutani, nilikumbuka kwamba tulishawahi kuwa na darasa la namna hiyo, lenye mwalimu, msimu na utaratibu, na hakuna mtu aliyetoka kule akiitwa mjinga.

Mjini mambo yaligeuka. Nilikwenda Dar es Salaam kufanya ulinzi kama wengi wa rika langu walivyofanya. Tulilala wengi kwenye chumba kimoja, dirisha dogo limezibwa na gazeti, wanaolinda usiku wakirudi wanaolinda mchana wanaondoka, godoro halipoi. Mmoja akianza kukohoa, baada ya muda chumba kizima kinakohoa. Na katika jiji lile hakuna aliyetuita kwa majina yetu. Tulikuwa "Masai" kila mmoja. "Masai, fungua geti." "Masai, una dawa ya nguvu za kiume?" Hili la pili tuliulizwa na watu wa kila aina, wenye magari na wasio na magari. Shuka nyekundu ilikuwa tangazo tosha kwamba aliyeivaa anajua dawa na ni mzima kama chuma. Wenzetu waliokuwa wakitembeza magome na unga wa mizizi mitaani walikuwa wakiuza afya kwa jiji zima, na baadhi yao walikuwa wakitapika jioni kwa homa wasiyoijua.

Mimi nilikuwa mmoja wa wenye homa. Ilipanda jioni, nikalowa jasho usiku, asubuhi nikaamka mzima nusu. Mgongo na nyonga vikauma hata kuinuka kwenye kiti cha lindoni ikawa kazi. Nilikwenda zahanati moja ya karibu. Mapokezi niliambiwa niache rungu nje, nikaliacha, na hilo sikulaumu. Kisha dada wa dirishani akaniuliza kwa sauti, benchi zima likisikia: "Wewe Masai, unaumwa nini?" Wakati huo korodani moja ilikuwa imevimba. Nilisema, "Mgongo." Kupima wakapima: malaria hakuna, taifodi kidogo, U.T.I. ipo. Nikapewa vidonge vya siku chache. Homa ikatulia, ikarudi. Nikaenda kwingine, nikasema "mgongo" tena, nikapewa vidonge vingine.

Sipendi mtu asome hapa akasema, "Unaona, uanaume umemzuia." Morani hataji sehemu zake za siri mbele ya mwanamke kijana na safu ya watu asiowajua, na ningependa kumjua mwanaume wa kabila lolote anayelitaja hilo kwa raha kwenye dirisha la mapokezi. Kule porini ningelisema usiku wa kwanza.

Aliyenitoa gizani alikuwa daktari mmoja wa makamo ambaye, nilivyoambiwa baadaye, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa wafugaji. Alifunga mlango. Hakuanza na mwili wangu, alianza na ng'ombe. "Nyumbani mnao wangapi? Mwaka huu kuna waliotupa mimba? Ulimvuta ndama kwa mikono mitupu? Maziwa mnachemsha?" Nilijibu yote, na nilijibu kwa kirefu, maana ndivyo mtu anavyozungumza kuhusu ng'ombe. Kulikuwa na mitamba iliyotupa mimba, mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa kondo ya nyuma ya mmoja nilipokuwa likizo. Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia ng'ombe, "Na korodani je, imevimba?"

Ilikuwa brusela. Alinieleza kwamba kidudu kinachomfanya ng'ombe atupe mimba ndicho kilichoingia kwangu kupitia maji ya uzazi au maziwa mabichi, na kwa mwanaume hupenda kukaa kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo na huko kwenye korodani. Dawa ni za namna mbili kwa pamoja, doksisaikilini na rifampisini, kwa wiki sita bila kuruka, kwa sababu kidudu hiki hujificha ndani ya chembe za mwili na dawa za siku tano haziwezi kukifikia. Akanionya kwamba rifampisini itageuza mkojo kuwa mwekundu kama chai ya rangi, nisiogope wala kuacha. Neno hilo moja liliniokoa, kwa sababu asubuhi ya kwanza nilipokwenda chooni, bila onyo lile ningezitupa zote.

Nimekaa sana na kitu alichokifanya daktari yule. Kijana wa Kimasai ambaye hajamaliza darasa la saba anajua dalili za ndigana inayoletwa na kupe, anajua sotoka ya mbuzi na kondoo, anatofautisha kinyesi cha ndama mgonjwa na cha mzima kwa kukitazama tu, na anajua kwamba mnyama aliyetupa mimba ni wa kutengwa. Maarifa yale yote anakuja nayo hospitali. Ila fomu haina sehemu ya kuyaandika, na mhudumu aliyelelewa mbali na mifugo haoni pa kuyashikia. Tukisema vijana hawa hawana uelewa wa afya, tunapima kwa karatasi za Kiswahili ambazo wengi wao hawazisomi, na tunaacha kupima kwa kile wanachokijua.

Niliporudi nyumbani vita vyangu vya kwanza vilikuwa na mama, juu ya maziwa. Si kwamba alikataa kuelewa. Alikataa ladha. Kibuyu chetu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, moshi wake ukaingia kwenye maziwa, na maziwa yale ndiyo yanayosema kwamba umefika nyumbani kwa mwanamke fulani na si kwa mwingine. Ukimwambia achemshe, anasikia unamwambia mikono yake ni michafu. Tulifika mahali baada ya mabishano: tuchemshe kwanza, yapoe, kisha yaingie kwenye kibuyu kilichofukizwa, yagande humo. Moshi ulibaki. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wake wa boma la jirani, na anawaambia vizuri kuliko mimi, kwa kuwa ana mamlaka ya kibuyu, mimi nina mamlaka ya kofia ya mhudumu wa afya tu.

Somo kubwa zaidi lilitoka Mirerani. Mirerani iko wilayani kwetu. Tanzanaiti iligunduliwa huko mwaka 1967 na haichimbwi mahali pengine popote duniani. Mwaka 2018 machimbo yalizungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24. Mwezi Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji wa kwetu, aliuza mawe mawili makubwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na tangu siku ile hakuna kijana wa Simanjiro ambaye hajawahi kuota jiwe. Wanaapolo, ndivyo wachimbaji wanavyoitwa, hushuka mamia ya mita chini. Mwamba ukitobolewa mkavu, vumbi lake lina silika, chembe ndogo zisizoonekana zinazoingia ndani kabisa ya mapafu na kuyafanya makovu. Pafu lenye makovu ya silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko pafu zima.

Mwenzangu wa rika alirudi kutoka huko amekonda, anakohoa. Alisema ni vumbi, litatoka. Alikunywa supu ya osokonoi, akapata nafuu ya siku mbili tatu, akarudia kukohoa. Mimi nilikuwa nimeshapata mafunzo, nikamwambia kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ni cha kupimwa. Hakunisikiliza, na sioni ajabu, kwa sababu mimi na yeye ni sawa. Kwa desturi yetu rika hulelewa na rika la pili juu yake, wale tunaowaita olpiron, wazee waliotuwashia moto. Amri ya olpiron haijadiliwi. Nikaenda kwa mzee mmoja wao, nikamweleza kifua kikuu kwa utulivu: kwamba huambukiza kwa hewa, kwamba anaweza kuwapa watoto wa boma lote, kwamba dawa zipo na ni bure. Mzee aliuliza maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Kisha akamwita, akamwinamisha kichwa na kumgusa kama mtoto, akasema, "Kesho mtakwenda." Tukaenda.

Kule kliniki likaja jambo la kikopo. Mgonjwa anatakiwa akohoe kutoka ndani na kutema makohozi kwenye kikopo cha plastiki, akifunge, akikabidhi dirishani. Kwetu mate ni baraka. Mzee humtemea mtoto mate kumbariki, hutema maziwa au pombe ya asali juu ya vijana wanaoondoka. Mtoa elimu aliyekuwa akizungumza na wagonjwa asubuhi ile alisema kwamba kutemeana mate ni uchafu na ndiko kunakoleta TB. Nilimwona mwenzangu akianza kukunja shuka yake kuondoka. Alichosikia ni kwamba baraka ya mzee aliyemtuma jana ndiyo iliyomuua. Nilimvuta pembeni nikamwambia kwa Kimaa, lugha yetu, kwamba kifua kikuu hubebwa na pumzi ya anayekohoa, kwenye chumba kisicho na hewa, na kwamba mzee aliyembariki hakohoi. Alikaa. Baadaye nilizungumza na mtoa elimu yule, na alinisikiliza kwa moyo mweupe. Hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewahi kumwambia.

Kifua kikuu kilikuwepo. Dawa za miezi sita. Nesi akataka jina la mtu wa kumsimamia kumeza dawa kila siku, na akapendekeza mke au mama. Mwenzangu akatikisa kichwa. Nesi alidhani anakataa kusimamiwa. Hakuwa anakataa. Alikuwa anasubiri tumtaje nani miongoni mwetu.

Morani hanywi maziwa peke yake. Ni katazo la kwanza kabisa unalofundishwa: ukifika bomani una njaa ya siku mbili, mama yako mwenyewe amekuwekea maziwa, huyagusi mpaka atokee mwenzako wa rika. Ukikuta hakuna, unaondoka na njaa yako kwenda kumtafuta. Wageni huliona kama ukali usio na maana. Mimi nimeona kwamba katazo hili linamhakikishia kila kijana kwamba kuna jicho la mwenzake juu ya chakula chake kila siku. Anayeacha kula anajulikana siku ile ile. Basi tukaliambatanisha: vidonge vile na visimezwe peke yake. Asubuhi mmoja wetu anakuja, wanakaa, vidonge kwanza, kisha maziwa, yaliyochemshwa. Mvua ziliponyesha na ng'ombe wakahamia nyanda za mbali, vidonge vilihama naye, na aliyekuwa naye kule alijua wajibu wake bila kuambiwa. Mkojo ulipobadilika rangi walicheka, maana nilishawahi kuwasimulia wa kwangu. Alimaliza dawa zote. Makohozi yakapimwa tena yakawa safi.

Tangu hapo sijawahi kumwandikisha morani dawa bila kumuuliza mwenzake ni nani. Wauguzi wa kituo chetu nao wameanza kuuliza. Na kwa kuwa wengi hawasomi, vipeperushi tumeviacha. Tunarekodi ujumbe wa sauti kwa Kimaa tukautuma kwenye kundi la rika la simu, kutoka Orkesumet hapa wilayani kwetu mpaka kwa walinzi wa Dar es Salaam na wasusi wa Zanzibar. Ujumbe wa korodani na brusela ndio uliosikilizwa zaidi ya mingine. Simu zilizofuata zilipigwa usiku, kwa sauti ya chini, na nyingi zilianza na habari za mgongo.

Yapo yanayonishinda. Wazee wetu wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipoendesha kampeni ya kuwavua Wamasai shuka na kuwavisha suruali, na wapo ambao mpaka leo wakiona jengo la serikali wanajiuliza kwanza wamevaa nini. Kumbukumbu hiyo hurithiwa. Kijana akiambiwa aache rungu mlangoni na wakati huo huo akaitwa "wewe Masai", ya pili ndiyo atakayokwenda nayo nyumbani. Na vituo vyetu kwa sehemu kubwa vimepangwa kwa ajili ya mama na mtoto. Siku za kliniki, picha za ukutani, hata viti, vyote vinamwambia mwanaume mzima kwamba amekosea njia. Nashukuru kwa kina mama kuhudumiwa, sitaki wapunguziwe. Naomba saa chache tu za jioni siku ya mnada, chumba chenye mlango unaofungika, na mhudumu mwanaume anayejua kuuliza habari za ng'ombe.

Mirerani ndiyo inayoninyima usingizi. Kifua kikuu kinatibika, makovu ya silika hayatibiki. Mwenzangu amepona TB lakini hawezi tena kukimbia nyuma ya ng'ombe, akipanda kilima husimama. Sasa hivi wadogo zetu wa rika la Nyangulo ndio wanaoshuka. Kuwaambia wasiende ni kupoteza maneno, kwa sababu ukame umechukua ng'ombe na mwanaume asiye na ng'ombe kwetu hana pa kusimama. Tunachowaambia ni wadai mwamba utobolewe kwa maji, wafunge pua kwa barakoa ya kweli na si kitambaa, na anayeanza kukosa pumzi asisubiri damu, aende akapigwe picha ya kifua. Wale ambao vipimo vya hapa vimetia shaka huwa tunawapeleka Kibong'oto kule Siha, hospitali iliyoanza kuuguza kifua kikuu tangu mwaka 1926. Safari ni ndefu na nauli ni nzito. Rika linachanga: mwenye mbuzi anatoa mbuzi, aliyeko mjini anatuma kwa simu, na kundi la kwanza la Nyangulo linaondoka wiki ijayo baada ya mnada, na mmoja wa Korianga wa kukaa nao kule mpaka majibu yatoke.